Stockholm: Hatua za mama jikoni zilipohesabiwa

STOCKHOLM – Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, kilichomshangaza zaidi hapa mjini hakikuwa baridi, wala giza linaloingia saa tisa alasiri. Kilikuwa jiko letu. Alisimama mbele ya meza ya jikoni, akaipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, meza hii wamempimia nani?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Kwa kimo chake meza ilimfika karibu na viwiko, na kila alipokata vitunguu ilimbidi ainue mabega. Ugali ulimshinda kabisa, na si kwa kukosa ujuzi. Kusonga kunataka nguvu itoke juu iende chini, na sufuria ikiwa juu ya jiko lililo juu ya kabati, nguvu hiyo haipatikani. Tena sufuria inateleza kwenye kioo cha jiko la umeme, mmoja ashike na mwingine asonge. Siku ya nazi hakuuliza mtu. Alitoa mbuzi yake aliyoifunga kwenye kanga ndani ya sanduku, akakaa sakafuni katikati ya jiko, akaikuna huku watoto wakimzunguka kutazama.

Swali la shangazi lina jibu, ndugu msomaji, na jibu hilo lina majina na tarehe. Meza ile walipimiwa wanawake. Walipimiwa hapa Sweden, miaka ya 1940, na waliosimamia kazi hiyo walikuwa wanawake pia. Leo meza ya jikoni katika nyumba za nchi hii kwa kawaida ina kimo cha sentimita 90, na kabati zake huenda kwa vipande vya sentimita 60. Vipimo vya namna hiyo vilitokana na utafiti.

Turudi nyuma kidogo. Sweden ya miaka ya 1930 haikuwa hii tunayoijua. Stockholm ilikuwa mji wa watu waliobanana, familia nzima ndani ya chumba kimoja na jiko. Mwaka 1934 Alva Myrdal na mumewe Gunnar walitoa kitabu kuhusu kupungua kwa watoto wanaozaliwa, wakasema kwamba mwanamke hataki kuzaa mahali ambapo hana pa kumlaza mtoto. Kitabu kilizua ubishi nchi nzima, na serikali ikaanza kuuliza watu wanaishi vipi hasa.

Miongoni mwa waliokwenda kuuliza alikuwa Brita Åkerman, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 2006, karne nzima ya maisha. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1941 ulihusu familia zaidi ya 200 za Stockholm. Wasanifu wa majengo walikuwa wamezoea kuhesabu vyumba na vichwa: vyumba viwili, watu watano, basi. Utafiti huu uliuliza nani analala wapi, mtoto anasoma kwenye meza gani, nguo zinaanikwa wapi. Ikaonekana kwamba watu hawakuzitumia nyumba zao kama wachoraji wa ramani walivyodhani. Familia ilibanana jikoni, watoto wakalala humo, na chumba kizuri kikabaki kimefungwa kwa ajili ya wageni na sikukuu. Msomaji wa pwani hatashangaa sana. Sisi nasi tunacho chumba cha wageni chenye makochi yaliyofunikwa vitambaa, ambamo mtoto akiingia anafukuzwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Sweden haikupigana, lakini vyakula viligawiwa kwa vibali, na Åkerman akaongoza ofisi ya serikali iliyowashauri watu namna ya kuishi na kidogo walichonacho. Mwaka 1944 jumuiya za wanawake na walimu wa sayansi kimu waliungana kuanzisha taasisi ya utafiti wa nyumbani, Hemmens forskningsinstitut, hapa Stockholm. Hoja yao ilikuwa nyepesi na haikuwa na jibu: viwanda vina watafiti wao, kilimo kina watafiti wake, lakini nyumba, ambayo ni mahali pa kazi pa watu wengi kuliko kiwanda chochote, haina hata mmoja.

Wazo la kupima kazi ya jikoni hawakulibuni wao. Marekani, Christine Frederick alikuwa ameandika kuhusu hatua za mama wa nyumbani tangu miaka ya 1910, na Ujerumani msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la Frankfurt mwaka 1926, jiko dogo lililopangwa kama chumba cha kazi. Lakini Wasweden walilifanya jambo hilo kwa upana na kwa subira. Mkuu wa utafiti alikuwa Carin Boalt, ambaye baadaye, mwaka 1964, akawa profesa wa kwanza mwanamke katika Chuo Kikuu cha Lund. Watafiti walikaa na saa mkononi wakamtazama mama akipika, akiosha vyombo, akipanga sahani. Walichora njia anazopita kutoka kwenye sinki hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kabatini, mpaka karatasi ikajaa mistari kama utando wa buibui. Walipima nguvu ambazo mwili unatumia ukiinama, ukinyanyua, ukisimama. Vyombo navyo vilipimwa: sufuria ipi inakaa vizuri mkononi, kabati lipi mtu analifikia bila kupanda kiti.

Kwa macho ya leo jambo hili linaweza kuonekana dogo. Lakini fikiri maana yake wakati ule. Mama wa nyumbani akisema mgongo unamuuma, jibu lilikuwa ni kwamba wanawake ndivyo walivyo. Sasa palikuwa na karatasi yenye namba. Namba hizo zikaingia mwaka 1950 katika kipimo rasmi cha nchi kuhusu majiko, na kuanzia hapo hazikuwa ushauri tena. Aliyetaka mkopo wa serikali kujenga nyumba alipaswa kufuata masharti ya serikali kuhusu nyumba bora, jiko likiwamo. Taasisi yenyewe ilichukuliwa na serikali mwaka 1957, na mwaka 1973 kazi zake zikaingia katika mamlaka mpya ya kulinda walaji, Konsumentverket, ambayo baadaye ilihamishiwa mji wa Karlstad.

Kisha ukaja mpango mkubwa wa kujenga nyumba milioni moja, kati ya mwaka 1965 na 1974. Tensta, Rinkeby, Husby, vitongoji ambako wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika tumeishi au tuna ndugu wanaoishi, vilijengwa wakati huo. Kwa hiyo dada wa Mombasa anayekaanga samaki kwenye ghorofa ya sita huko Husby anatumia jiko lililotokana na miili ya akina mama wa Kisweden waliopimwa kabla yeye hajazaliwa. Kabati liko pale lilipo kwa sababu mtu fulani alinyoosha mkono wake na mwingine akaandika.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Utafiti ule ulikuwa mzuri, nami sioni haya kuusifu. Lakini ulianza na jambo moja ambalo haukulihoji vya kutosha: kwamba anayesimama jikoni ni mwanamke, na yuko peke yake. Jiko likafanywa jembamba na la karibu karibu ili apunguze hatua. Ukitaka kujua matokeo yake, jaribu kupika pilau ya Idi na wifi zako watatu katika jiko la Tensta. Hamtoshi. Kupika kwetu ni kazi ya wengi: mmoja anachambua mchele, mwingine anatwanga kitunguu saumu, wa tatu anasimulia habari za harusi ya juzi na mikono yake haijatulia. Hakuna aliyeuchora utando wa namna hiyo.

Wapo Wasweden waliouliza swali kubwa zaidi hata wakati ule. Mwaka 1935 lilifunguliwa jengo katika mtaa wa John Ericssonsgatan namba 6, kisiwani Kungsholmen, lililochorwa na Sven Markelius kwa kushirikiana kimawazo na Alva Myrdal. Chini palikuwa na jiko la pamoja na mahali pa kulea watoto. Chakula kilipandishwa kwenye nyumba kwa lifti ndogo. Fikra yao ilikuwa kwamba mwanamke anayefanya kazi nje asirudi kuanza kazi ya pili. Jengo lipo mpaka leo na ukipita unaweza kulitazama. Lakini majengo ya aina hiyo yalibaki machache. Jiko dogo la kila nyumba ndilo lililoshinda.

Kuhusu utafiti huu kuna sinema ambayo nawashauri wasomaji waitafute. Inaitwa Kitchen Stories kwa Kiingereza, ilitengenezwa mwaka 2003 na Bent Hamer wa Norway. Ndani yake watafiti wa Kisweden wa miaka ya 1950 wanakwenda kijiji kimoja cha Norway kuwachunguza wanaume wasio na wake. Mtafiti anakaa juu ya kiti kirefu pembeni mwa jiko, kama mwamuzi wa tenisi, anaandika kila hatua, na amekatazwa kusema hata neno moja na mwenye nyumba. Mzee anayechunguzwa anaudhika. Mwishowe anatoboa dari na kuanza yeye kumchunguza mtafiti.

Katika sinema hiyo kuna mzaha kwamba kabla ya utafiti mama wa nyumbani wa Sweden alitembea jikoni, kwa mwaka mzima, umbali wa kutoka Sweden hadi Kongo, na sasa anafika Italia ya kaskazini tu. Nilipiga hesabu. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni kama kilomita 7,000, yaani karibu kilomita 20 kila siku, ndani ya jiko. Hakuna jiko la namna hiyo duniani. Ni sinema, na wacheshi wana ruhusa. Ila nilipotoka kucheka nilijiuliza: huyo mama wa Kongo mwenyewe, aliyetumiwa hapo kama jina la mwisho wa dunia, yeye alikuwa anatembea kilomita ngapi, na nani alizihesabu?

Kwa Kongo sina la kusema. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania ninalo, kwa sababu huko watu walikwenda kuhesabu. Kati ya mwaka 1966 na 1968 Gilbert White, David Bradley na Anne White walifanya utafiti kuhusu maji ya nyumbani katika maeneo 34 ya nchi hizo tatu, mijini na vijijini. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972. Wachotaji, kama mnavyojua, walikuwa zaidi wanawake na watoto. Watafiti walipima lita, umbali na muda, wakakokotoa hata sehemu ya nguvu ya chakula cha siku inayoteketea kwa kubeba ndoo tu. Ni hesabu ile ile ya Stockholm, isipokuwa Stockholm walikuwa wanapunguza hatua kati ya sinki na kabati, na huku hatua zilikuwa za kwenda mtoni na kurudi.

Sweden yenyewe ilikuwa ndani ya habari hiyo. Tangu mwaka 1965 ilisaidia Tanzania katika maji ya vijijini, na mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1991 ulifika, na wengi waliokulia vijijini wanakumbuka kwamba bomba ama halikufika au lilifika likakauka. Baadaye Wasweden walisaidia mradi wa HESAWA katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara, kuanzia mwaka 1985 hadi 2002, ambao ulijaribu kuwashirikisha wanavijiji wenyewe katika visima na vyoo.

Utafiti wa maji ulirudiwa miaka 30 baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, katika maeneo yale yale. Timu ya mara hii ilikuwa na watafiti wa kwetu, akina James Tumwine wa Uganda, Mark Mujwahuzi wa Tanzania na Munguti Katui-Katua wa Kenya. Jambo moja katika ripoti yao linanikaa moyoni. Katika nyumba zisizo na bomba, muda wa kuchota maji ulikuwa dakika 28 kwa siku katika utafiti wa kwanza. Katika wa pili ulikuwa dakika 92. Tumepata uhuru, tumejenga shule, tumepata simu za mkononi, na mama wa ndoo akaongezewa zaidi ya saa nzima, sehemu kubwa ikiwa ni kupanga foleni. Wale waliokuwa na bomba nao walikuwa wanatumia maji nusu ya zamani, maana bomba lililopo na bomba linalotoa maji ni vitu viwili.

Bila ya kurudi mahali pale pale na kuuliza tena, nani angejua? Serikali zinahesabu mabomba yaliyofungwa. Dakika za foleni hazimo katika vitabu vya wizara.

Mfano mwingine unatoka Laikipia, Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi ndani ya nyumba zinazopikia kuni na mkaa. Njia ya kawaida ilikuwa kuweka mashine katikati ya nyumba na kuchukua wastani wa siku. Wao walifanya zaidi: waliandika pia kila mtu wa nyumba yuko wapi saa ngapi, na anafanya nini. Hapo ikajulikana kwamba wastani unadanganya. Moshi hupanda ghafla wakati wa kuwasha, kuchochea na kuongeza kuni, na wakati huo huo aliyeinama juu ya mafiga ni mama, mara nyingi na mtoto mgongoni. Baba yuko nje. Wote wanaishi nyumba moja, lakini hawavuti hewa moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001, nayo yalionyesha jinsi kuugua kifua kunavyozidi kadiri moshi unavyozidi. Bibi zetu walijua jambo hili bila mashine. Macho yao mekundu yalikuwa ushahidi wa kutosha. Tatizo ni kwamba ushahidi huo haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Kinachonivutia katika habari hizi zote, ya Stockholm, ya maji na ya moshi, ni kwamba mtafiti aliona jambo jipya pale alipoacha kuuliza nyumba na kuanza kumuuliza mtu. Nyumba ina vyumba viwili. Nyumba ina bomba. Nyumba ina jiko. Sentensi hizo zinaweza kuwa kweli zote, na mwanamke aliyemo akawa hayumo.

Siku hizi chombo kinachotumika zaidi ni shajara ya muda. Mtu anapewa daftari ambalo siku imegawanywa kwa vipande vya dakika kumi kumi, naye anaandika alichokuwa anafanya. Ofisi ya takwimu ya Sweden ilifanya uchunguzi mkubwa wa aina hiyo mwaka 1990/91, ikarudia mwaka 2000/01, 2010/11 na 2021. Kati ya ule wa kwanza na wa mwaka 2010/11, kazi zisizo na malipo za wanawake zilipungua kwa karibu saa moja kwa siku. Habari njema, utasema. Lakini ukisoma vizuri utakuta pengo lilipungua zaidi kwa sababu wanawake walifanya kidogo zaidi, si kwa sababu wanaume walichukua mzigo huo. Hii ni nchi iliyowapa akina baba likizo ya uzazi tangu mwaka 1974.

Kwetu, Tanzania iliingiza maswali ya matumizi ya muda katika uchunguzi wa nguvukazi wa mwaka 2006, ikayarudia mwaka 2014 na 2020/21. Kenya ilifanya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa mwaka 2021. Ripoti yake ilionyesha kwamba wanawake wanatumia asilimia 18.7 ya muda wao wa siku katika kazi za nyumbani na kulea ambazo hazilipwi, na wanaume asilimia 3.6. Igeuze iwe saa: mwanamke saa nne na nusu, mwanamume chini ya saa moja.

Namba za namna hii zinafanya nini zikishatoka? Hapa Stockholm tuliona kwa macho yetu, na somo lake lilikuwa na theluji ndani yake. Kwa miaka mingi magari ya kuondoa theluji yalianza na barabara kubwa za magari, kisha njia za miguu na baiskeli. Utaratibu huo ulionekana wa kawaida kama jua kuchomoza. Lakini takwimu za usafiri zilionyesha kwamba wanawake wanatembea kwa miguu na kupanda basi zaidi kuliko wanaume, na takwimu za hospitali zikaonyesha kwamba wanaoumia kwa kuteleza ni hasa watembea kwa miguu, wengi wao wanawake. Mji wa Karlskoga ukabadilisha mpangilio mwaka 2011: kwanza njia za miguu na za kwenda shule za chekechea. Stockholm nayo ikafuata.

Bahati mbaya Novemba 2016 ikashuka theluji ya sentimita 39, ambayo Stockholm haikuwahi kuiona mwezi huo katika zaidi ya miaka 100 ya kupima. Mji ukasimama. Mabasi yalikwama, na watu wakaicheka sera ya "theluji ya usawa" mpaka magazeti ya nje yakaandika. Nilikuwa miongoni mwa waliokwama, na nilicheka pia. Baadaye nikaona kwamba tulikuwa tunachanganya mambo mawili. Theluji ya kiasi kile ingeushinda mpangilio wowote. Lakini swali la nani anaanguka, na wapi, lilikuwa limeulizwa kwa haki, na jibu lake halikuyeyuka pamoja na theluji.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila anayekuja na dodoso anakuja kwa heri. Makampuni ya sabuni na ya mafuta ya kupikia nayo yanawachunguza wanawake, tena kwa bidii kuliko serikali. Yanajua mama ananunua pakiti ndogo ndogo kwa sababu pesa inaingia kwa siku, yanajua ni saa ngapi anasikiliza redio. Elimu hiyo ni ya kweli. Ila swali lao linaishia pale anapotoa mkoba. Anayempima mama ili amuuzie na anayempima ili ampunguzie mzigo wanaweza kutumia daftari la aina moja. Inafaa kuuliza daftari linakwenda kwa nani.

Basi nami nikaamua kujaribu. Shangazi alipokuwa hapa nilichapa kurasa za shajara, dakika kumi kumi, nikampa mke wangu moja, nikachukua yangu, na ya tatu nikaiweka mbele ya shangazi. Ilikuwa Jumamosi. Kabla hatujaanza nilikisia kwamba mimi na mke wangu tunakaribiana, labda yeye amenizidi nusu saa. Mimi hupika, jamani. Naosha vyombo. Napeleka watoto mpirani.

Jioni tulijumlisha. Mke wangu alikuwa amenizidi saa mbili na dakika arobaini. Nilibisha. Nikasema Jumamosi ile haikuwa ya kawaida. Akanionyesha vipande ambavyo mimi sikuvijua kabisa: kumpigia mama yangu simu kuuliza dawa zake, kupanga nguo za shule za Jumatatu, kukumbuka zawadi ya mtoto wa jirani anayetimiza miaka saba, kukaa na mdogo aliyeamka usiku nami nikilala. Kwenye safu yangu wakati huo nilikuwa nimeandika neno moja, "kulala", nikachora mshale mrefu mpaka saa mbili asubuhi.

Ukurasa wa shangazi ulikuwa mweupe. Nilimuuliza mbona hakuandika kitu.

"Niandike nini, mwanangu? Mimi leo nimekaa tu."

Alisema hivyo huku ungo ukiwa mapajani, anachambua mchele wa kesho. Kwenye kigae cha sakafu, pale alipokuwa amekaa na mbuzi yake asubuhi, palikuwa bado na chicha kidogo. Nilichukua kalamu, nikavuta kigoda karibu naye, nikaanza kumuuliza: ulipoamka saa kumi na moja, ulifanya nini kwanza?